Mkanda wa Bohlin Kwenye Lami ya Ufipa

Tarehe 17 Februari 2008, jijini Dar es Salaam, Rais Jakaya Kikwete na mgeni wake, Rais George W. Bush wa Marekani, walitia saini mkataba wa dola milioni 698. Fedha zilitoka Shirika la Changamoto za Milenia, MCC, na fungu kubwa lilikwenda kwenye barabara. Kwa watu wa Ufipa, mkoani Rukwa, mkataba mzima ulikuwa na mstari mmoja wa kusoma mara mbili: Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 223, lami.

Mtu wa Mazwi, mjini Sumbawanga, aliyevuka miaka hamsini hahitaji kuelezwa uzito wa mstari ule. Kabla ya lami, safari ya Tunduma ilianza alfajiri na haikuwa na saa ya kufika. Kiangazi vumbi lilipenya hadi ndani ya sanduku lililofungwa. Masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, abiria walishuka kusukuma gari, viatu mkononi, suruali zimekunjwa magotini. Mabasi yalikuwa machache, kwa hiyo wengi walisafiri juu ya malori ya mahindi, wamekaa kwenye magunia na kushika kamba ya turubai, tanboi akiwapigia kelele wainame kila mti ulipokaribia. Ajali zilikuwepo na watu walikufa. Lakini tope halikuruhusu mwendo. Lori lililolala ubavu mara nyingi lilikuwa likienda polepole, na walio juu waliwahi kuruka.

Mkataba wa MCC ulifika mwisho Septemba 2013, na kufikia katikati ya muongo ule mtu aliweza kuondoka Tunduma alfajiri na kunywa chai ya saa nne Sumbawanga. Mahindi ya Laela na Mpui yakapata soko kwa haraka. Wagonjwa wakawahi Mbeya. Bei ya viwanja kando ya barabara ikapanda. Hakuna Mfipa mwenye akili timamu anayetamani tope lirudi. Ila pamoja na hayo yote ilikuja sindano ya mwendo iliyopanda kutoka 40 hadi 100 na kuendelea, ndani ya magari ambamo watu waliendelea kukaa vile vile walivyokaa enzi za utelezi: mama na mtoto mapajani, wanne au watano kiti cha nyuma, konda amesimama mlangoni.

Mkanda wa kiti haukuja na lami. Ulikuwa umeshafika Ufipa kabla yake, ndani ya Land Cruiser za serikali na za misheni, na ndani ya Toyota zilizotumika kwanza Japani. Ulining'inia pembeni ya kiti ukisubiri sababu ya kuvutwa. Sababu ilipokuja, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mkanda ulikuwa umeshazoeleka kama pambo. Huo ndio ugumu wa historia hii upande wa Ufipa: chombo kilitangulia, hatari ikafuata, na mazoea ya kukitumia ndiyo yaliyochelewa kuliko vyote.

Chombo chenyewe kina historia ndefu. Hati ya kwanza ya ubunifu wa mkanda wa usalama nchini Marekani alipewa Edward Claghorn wa New York mwaka 1885, wakati magari ya injini yalikuwa ndiyo kwanza yanajaribiwa. Kwa miongo mingi baadaye mkanda ulikuwa mali ya marubani. Aliyeonyesha dunia kwa mwili wake kwamba mtu aliyefungwa vizuri anaweza kustahimili kusimama ghafla alikuwa daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Stapp. Tarehe 10 Desemba 1954, kwenye jangwa la New Mexico, alifungwa juu ya kiti kilichosukumwa na roketi kwenye reli, kikafika kilomita 1,017 kwa saa, kisha kikasimama katika sekunde moja na nusu hivi. Macho yake yalijaa damu na kwa muda hakuona kitu. Siku chache baadaye alikuwa akitembea. Stapp alikasirishwa na jambo moja: jeshi lilikuwa likipoteza marubani wengi kwa ajali za magari ya kawaida, watu walewale waliofungwa mikanda angani na kukaa huru barabarani.

Magari ya wakati ule, yaliyokuwa na mikanda, yalikuwa na ule wa kiunoni tu, kifungo chake kikiwa katikati ya tumbo. Kampuni ya Ford iliuza mikanda kama nyongeza mwaka 1956 na wanunuzi wengi hawakuitaka. Hata waliofunga hawakuwa salama sana. Gari lilipogonga, mwili ulijikunja kwa mbele, kichwa kikapiga usukani au dashibodi, na kifungo kikazama kwenye utumbo na ini.

Ndipo anaingia Nils Bohlin. Alizaliwa Härnösand, Sweden, mwaka 1920, akawa mhandisi wa kampuni ya Saab, akibuni viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege inayoanguka. Mwaka 1958 Gunnar Engellau, mkuu wa Volvo, ambaye ndugu yake mmoja alikuwa amekufa katika ajali ya gari, alimchukua Bohlin awe mhandisi wa kwanza wa usalama wa kampuni hiyo. Bohlin alikuwa amezoea marubani, ambao hukubali kufungwa kila mahali wakiambiwa ndivyo watakavyopona. Watu wa kawaida, alitambua mapema, hawakubali kubanwa hata dakika moja. Kwa hiyo alitafuta mkanda ambao mtu angeufunga kwa mkono mmoja bila kufikiri.

Jibu lake lilikuwa na ncha tatu. Utepe mmoja unashuka kutoka juu ya bega, unapita kifuani, unaingia kwenye kifungo pembeni ya nyonga, kisha unavuka mapajani na kushikwa upande wa pili, chini kabisa. Kifungo kikaondolewa tumboni. Nguvu ya kugonga ikahamishiwa kwenye mbavu, mfupa wa bega na nyonga, yaani mifupa migumu ya mwili, na utepe haukuweza kuteleza kwa sababu ulishikwa chini pande zote mbili. Tarehe 13 Agosti 1959 gari la kwanza lenye mkanda huo, Volvo PV544, lilikabidhiwa kwa muuzaji mjini Kristianstad. Mwaka huo Tanganyika ilikuwa bado chini ya Uingereza, miaka miwili na ushei kabla ya uhuru.

Volvo ilikuwa na hati miliki. Ingeweza kutoza kila kiwanda duniani kwa kila kiti. Iliamua kuuachia ubunifu ule utumike na yeyote bila malipo, na ndiyo maana leo mkanda wa Toyota Probox iliyoegeshwa sokoni Mazwi una umbo lilelile alilochora Bohlin. Katika historia ya biashara ya magari ni vigumu kupata uamuzi mwingine uliookoa watu wengi namna hiyo, na unastahili kufundishwa shuleni pamoja na habari za chanjo.

Mwaka 1967 Bohlin alipeleka Marekani uchambuzi wa ajali 28,000 za Sweden. Hakupatikana hata mtu mmoja aliyefunga mkanda wa ncha tatu aliyekufa kwa mwendo wa chini ya kilomita 100 kwa saa hivi. Wasiofunga walikufa kwenye mwendo wa kila namna, hadi ule wa mitaani. Hata hivyo takwimu hazikuwafanya watu wafunge. Jimbo la Victoria nchini Australia lilikuwa la kwanza duniani kulazimisha kwa sheria, Desemba 1970. Uingereza ilibishana bungeni miaka mingi hadi Januari 1983, na jimbo la kwanza la Marekani, New York, likafuata mwaka 1984. Kila mahali palikuwa na wabishi: mkanda utanizuia kutoka gari likiwaka, mkanda ni uhuru wangu, mimi ni dereva mzoefu. Hoja hizo hizo husikika Sumbawanga leo, neno kwa neno, na hakuna aliyezifundisha.

Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30, mwaka 1973. Sheria hiyo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo iliyolea vizazi viwili vya madereva na matrafiki, na katika suala la mkanda kifungu chake cha 39 kinamtaka dereva na abiria wa kiti cha mbele wafunge. Abiria wa nyuma hatajwi. Mtoto hatajwi kwa kiti chake maalumu. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, pamoja na mtandao wa asasi za kiraia, vimekuwa vikidai kwa miaka kwamba sheria ibadilishwe ili imtaje kila aliye ndani ya gari, na mkanda umekuwa mmoja kati ya mambo matano waliyoyasimamia, pamoja na mwendo, ulevi, kofia ngumu na viti vya watoto. Hawakosei. Sheria inayomlinda mtu wa mbele peke yake inamwachia hatari hata huyo wa mbele.

Uthibitisho wa hilo ulitoka Japani, kulikotoka magari yetu mengi. Mwaka 2002 watafiti wa huko walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wa ajali za miaka ya 1995 hadi 1999. Waligundua kwamba mtu wa mbele aliyefunga mkanda alikuwa na hatari ya kufa karibu mara tano zaidi kama aliyekaa nyuma yake hakufunga. Sababu haina fumbo. Gari likisimama ghafla, mwili wa nyuma unaendelea na mwendo uleule, unakunja kiti cha mbele na kumbana aliye mbele kati ya kiti na dashibodi. Juni 2008 Japani ikalazimisha abiria wa nyuma nao wafunge. Ilikuwa miezi minne tangu Kikwete na Bush watie saini mkataba wa lami ya Rukwa. Magari yaliyotoka kwenye nchi iliyokwisha kujifunza somo la kiti cha nyuma yakaja kukimbia kwenye barabara mpya ya nchi ambayo sheria yake haikitaji kiti hicho.

Itazame Probox moja ikipakia abiria wa Laela. Viti vimevishwa vitambaa vya maua, vimeshonwa vizuri, vimebanwa kwa mpira chini. Chini ya vitambaa hivyo, kwenye mfereji kati ya kiti na mgongo wake, vipo vifungo vitatu vya mikanda ya nyuma. Havijawahi kuonekana tangu gari livishwe. Ndimi za chuma zinaning'inia ukutani, utepe wake bado mweusi na laini kwa sababu haujaguswa na jasho la mtu. Wa mbele umepauka, una mafuta pembeni, na hauvuti vizuri kurudi ndani. Mbele pamoja na dereva wanakaa abiria wawili, mmoja nusu juu ya breki ya mkono. Mkanda ni mmoja. Anauvuta wa mlangoni, anaupitisha kifuani, na wa kati anabaki hana hata cha kujifanyia. Dereva naye ameuchomeka mkanda wake kwenye kifungo nyuma ya mgongo wake ili kengele isilie. Wakikaribia kizuizi cha polisi anautoa na kuupitisha begani, ulimi wa chuma ukiwa umeshikwa mkononi, haujabofya popote. Faini ni shilingi 30,000. Wakishapita, utepe unarudi nyuma ya mgongo.

Mtu huyu anaogopa faini kwa dakika moja na hana habari na kinachoweza kumkuta dakika ya pili. Si ujinga, kwa sababu dereva wa michomoko, kama Probox hizi zinavyoitwa, anazijua kona zote hadi Tunduma, anajua ng'ombe wa kijiji kipi huvuka saa ngapi. Anachokosa ni mtu wa kumweleza kinachofanyika mle ndani.

Ajali huwa na migongano mitatu. Gari linagonga kitu na kusimama. Mwili, ambao haujasimama, unagonga gari. Kisha ubongo, moyo na ini, ambavyo havijasimama, vinagonga mifupa iliyovizunguka. Mkanda unashughulikia mgongano wa pili na kuupunguza makali wa tatu, kwa kuufanya mwili usimame pamoja na gari, taratibu kidogo, wakati bodi inajikunja. Ndani ya kidude kinachozungusha utepe kuna kipande kidogo cha chuma kinachoyumba gari likifunga breki ghafla, kikanasa meno, na utepe ukakaza. Kingine hunasa utepe wenyewe ukivutwa kwa ghafla, ndiyo maana ukiuvuta polepole unakuja na ukiuvuta kwa nguvu unagoma. Wako wanaodhani ukigoma umeharibika, wakaung'oa.

Mama anayempakata mtoto kiti cha mbele anaamini mikono yake. Mtoto wa kilo 10, gari likiwa kilomita 50 kwa saa na likisimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, huvuta kwenda mbele kwa nguvu ya zaidi ya kilo 140. Ni gunia la mahindi na karibu nusu yake, likirushwa kutoka mapajani. Hakuna mkono wa mama, hata wa mama aliyelima Ufipa maisha yake yote, unaoweza kulizuia gunia hilo. Na hiyo ni 50, mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu.

Mikono ya wazazi ndiyo iliyozaa chombo cha pili. Mwaka 1952 John Hetrick, mhandisi wa Pennsylvania nchini Marekani aliyewahi kufanya kazi katika jeshi la majini, alikuwa akiendesha gari siku ya mapumziko, mkewe na binti yao wa miaka saba wakiwa naye kiti cha mbele. Alikwepa kitu barabarani, gari likaingia mtaroni. Baba na mama, kila mmoja bila kumwambia mwenziwe, walinyoosha mkono kumzuia mtoto asipige dashibodi. Hakuumia mtu. Usiku ule Hetrick hakuacha kujiuliza kwa nini kitu laini kisitokee chenyewe mahali pale palipokuwa na mikono yao. Agosti 1953 alipewa hati ya ubunifu wa mfuko wa hewa. Huko Ujerumani Walter Linderer alikuwa amefikia wazo linalofanana. Wote wawili hawakufaidi kitu, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa kwenye chupa haikuweza kuujaza mfuko haraka ya kutosha.

Iliyokosekana ilikuwa kasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Allen Breed alitengeneza kihisio, mpira mdogo wa chuma ndani ya bomba, uliotambua mgongano na kuwasha baruti ndogo iliyotoa gesi. Mfuko ukajaa kwa sehemu thelathini hivi za elfu ya sekunde, kabla jicho halijakupia. Mercedes-Benz waliuweka kwenye gari lao kubwa la S mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamoja na kidude cha kuukaza mkanda wakati huohuo, na hapo ndipo wahandisi waliposema wazi jambo ambalo wanunuzi wa magari Afrika Mashariki wengi hawajaambiwa: mfuko wa hewa ni msaidizi wa mkanda. Zile herufi SRS zilizochapwa katikati ya usukani, yaani mfumo wa nyongeza wa kumzuia abiria, zinasema hivyo hivyo. Mfuko unatoka kwa kasi inayoweza kukaribia kilomita 300 kwa saa. Aliyefungwa mkanda anaukuta umeshajaa na unaanza kunywea. Asiyefungwa anaufuata akiwa ameshatupwa mbele, nao unampiga usoni wakati bado unapanuka.

Marekani walilipia somo hilo kwa watoto. Katika miaka ya 1990 watoto zaidi ya 100 walikufa kwa kupigwa na mifuko ya hewa kwenye ajali ndogo ambazo bila mfuko wangetoka wazima, kwa sababu walikaa mbele bila mkanda au waliwekwa kwenye viti vya watoto vilivyogeuzwa nyuma mbele ya mfuko. Tangu hapo ushauri ni mmoja: mtoto akae nyuma. Ushauri huo unakuwa mgumu kufuatwa pale ambapo nyuma pana watu watano na vifungo vimeshonewa chini ya maua.

Liko pia tatizo la mfuko wenyewe kuzeeka. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia kwenye vijazio vyake kemikali ya amonia naitreti, ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huidhoofisha hadi inalipuka badala ya kuwaka, na ganda la chuma linarushwa vipande vipande kuelekea kwa abiria. Vifo vilianza kujulikana mwaka 2009. Nchini Marekani peke yake vijazio vipatavyo milioni 67 viliitwa virudishwe, na Juni 2017 Takata ikafilisika. Toyota, Honda na Nissan zilikuwa miongoni mwa wateja wake. Barua ya kuitwa kiwandani hutumwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa Japani, na gari likishapanda meli kwenda Dar es Salaam barua hiyo haiifuati namba mpya. Namba ya chesisi haibadiliki, na mwenye gari anaweza kuiulizia kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza. Wako pia mafundi ambao, mfuko ukishatoka kwenye ajali, hugundisha kifuniko cha usukani na kuizima taa ya SRS ili mnunuzi asijue. Gari zima linapowashwa, taa hiyo huwaka sekunde chache kisha huzimika. Isiyowaka kabisa ina habari mbaya kuliko inayowaka muda wote.

Serikali moja jirani ilijaribu kuusimamia mkanda kwa ukali ambao haujasahaulika. Oktoba 2003 Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, John Michuki, alitoa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004: kila matatu iwe na mkanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mstari wa njano ubavuni, sare kwa dereva na makanga. Matatu za Nissan zilizobeba watu 18 zikabaki na 14. Siku za mwanzo magari mengi hayakuwa tayari, na watu wa Nairobi walikwenda kazini kwa miguu. Nauli ikapanda. Abiria wakalalamika kuwa mikanda ni michafu na inaharibu nguo, na wengine wakawa wanaipitisha mapajani pale tu askari anapochungulia. Baada ya muda ulegevu ulirudi, askari wakazoea, mikanda ikakatika haikurudishwa. Michuki alifariki Februari 2012, na Wakenya wengi, hata waliomlaumu wakati ule, walimtaja kwa zile kanuni. Alichothibitisha ni kwamba mkanda kwenye kila kiti cha gari la abiria Afrika Mashariki unawezekana, kwa magari yaleyale na barabara zilezile, serikali ikiamua na isipochoka.

Tanzania ilipata sababu ya kuamua asubuhi ya tarehe 6 Mei 2017. Basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha, likipeleka wanafunzi kwenye mtihani wa majaribio Karatu, liliacha njia kwenye mteremko eneo la Rhotia likatumbukia bondeni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitolewa hai, wakapelekwa hospitali ya Sioux City, Marekani, wakarudi nyumbani Agosti mwaka huo. Nchi nzima ililia, na polisi wakaanza kukagua magari ya shule. Ukaguzi ulikuwa wa haki na ulihitajika, ila ukaguzi hukagua kile kilichoandikwa, na kwenye sheria ya 1973 kiti cha nyuma cha mtoto hakikuwa na mkanda wa lazima.

Wafipa wana mteremko wao. Barabara ya Ntendo kwenda Muze inashuka kutoka uwanda wa juu, kupitia ukingo wa Lyamba lya Mfipa, hadi bonde la Ziwa Rukwa, mita karibu 1,000 chini. Asubuhi ukungu wa milima ya Mbizi hulala juu yake. Malori ya mpunga hupanda kwa gia ya kwanza, pikipiki hushuka injini ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo Sumbawanga, na majeruhi wa kichwa anayehitaji zaidi ya hapo husafirishwa hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Mtu wa mji mkubwa akivunjika ana daktari bingwa umbali wa mitaa michache. Wa Muze ana safari ya usiku kucha akiwa kwenye machela. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa wa mbele hadi nusu, na asilimia zinaweza kuonekana ndogo kwa aliye mbali nazo. Kwa mkoa ulio mbali hivi na wapasuaji wa ubongo, jeraha ambalo halikutokea ndilo tiba pekee inayofika kwa wakati.

Mwaka 2023 Serikali iliondoa zuio la mabasi kusafiri usiku, lililodumu tangu miaka ya 1990. Sasa abiria wa Sumbawanga anaweza kupita Tunduma saa nane za usiku akiwa usingizini. Mabasi mengi ya masafa marefu yana mikanda kwenye viti, na wapo wahudumu wanaotangaza kabla ya kuondoka kwamba kila mtu afunge. Waliolala ndio wanaohitaji zaidi, maana aliyelala hashiki kiti cha mbele breki zikilia. Tangazo hilo liendelee, na liende hadi kwenye Noah na Coaster za Namanyere na Matai, ambako halijawahi kusikika.

Kubadili kifungu cha 39 ni kazi ya Bunge, na maneno yanayohitajika si mengi: kila abiria, kila kiti, na kiti maalumu kwa mtoto mdogo. Kuvitoa vifungo vya nyuma chini ya vitambaa vya maua ni kazi ya fundi wa viti pale Mazwi. Anapasua mshono sehemu tatu, anavivuta vifungo juu, anazungushia uzi ili tundu lisichanike, kisha anajaribu kila kimoja hadi asikie kinabofya. Haihitaji kipuri, na hulipwa kama kazi nyingine yoyote ya kushona.